Maji Machache ya Kiangazi



Leo nataka twende pamoja mpaka ukingoni mwa mto mmoja, mwezi wa kumi, jua likiwa la utosi. Tukifika hatutakuta mto, tutakuta mchanga. Mchanga mweupe, mpana, umelala kati ya kingo mbili kama uwanja uliohamwa. Katikati yake tembo amesimama, anachimba kwa mguu na kwa mkonga. Anachimba bila haraka, anatupa mchanga kando, kisha anangoja. Maji yanachuruzika shimoni, kidogo kidogo, naye anayanyonya. Akiondoka, wanyama wadogo waliokuwa wamesimama pembeni wakimtazama wanasogea kunywa yaliyobaki. Mbele kidogo, penye kona, limesalia dimbwi la tope. Viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, na samaki wanahema juu juu.

Mto huo ni Ruaha Mkuu, na mahali tuliposimama ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kihehe lenye maana ya mto. Waliouita hivyo ni kama hawakuona haja ya kuutafutia jina jingine. Ulikuwa mto, basi. Ulitiririka masika na kiangazi, na mtu angeweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka na kuzikwa bila kuuona umesimama.

Tangu kiangazi cha mwaka 1993 mto huu umekuwa ukisimama. Mwanzoni ulikatika kwa majuma machache, na miaka iliyofuata ukakatika kwa miezi. Mwaka 1999 ulikaa zaidi ya siku 100 bila maji kupita. Kukauka ambako zamani kungekuwa habari ya kutisha, leo kumekuwa jambo la kila mwaka. Mimi naamini jambo la kila mwaka ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu tumekwisha kulizoea.

Jioni hii nataka kukuomba tusilizoee. Na nataka nikueleze kwa nini mto huu unakauka, maana sababu yake si ile ambayo wengi wetu tumeambiwa.

Tuanzie kule maji yanakotoka. Kusini, katika safu za milima za Mbeya, Njombe na Iringa, mvua hunyesha vizuri. Huko inazaliwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na vijito vingine vingi. Mito hiyo inateremka kwa kasi mpaka kwenye bonde la Usangu, tambarare pana kama mkeka. Ikifika pale inachoka. Inatapakaa, inageuka kinamasi, na kinamasi hicho ndicho kinachoitwa Ihefu. Ni ardhioevu yenye matete, ndege wasiohesabika, kambare na perege.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana siri yote ya mto imo humu. Ihefu ni kama bakuli. Upande wa chini wa bakuli hilo kuna mwamba uliokatiza, mahali panapoitwa Ng'iriama. Mwamba huo ndio mdomo wa bakuli. Maji yakijaa Ihefu na kupanda juu ya mwamba, yanamwagika upande wa pili, na hapo ndipo Ruaha Mkuu unapoanza safari yake kuelekea hifadhini, kisha bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, mpaka uungane na Rufiji na kufika Bahari ya Hindi. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bakuli, hata kwa kiasi cha kiganja kimoja, hakuna tone linalopita. Nyuma ya mwamba bado kuna maji, mbele yake kuna mchanga.

Na bakuli hili liko juani. Kiangazi jua linakunywa, matete yanakunywa, na kinachobaki ndicho kinachomwagika. Watafiti waliopima Ihefu walikadiria kwamba ili mto upate walau mkondo mwembamba wa kiangazi, usiofika hata mita moja ya ujazo kwa sekunde, Ihefu yenyewe inahitaji kupokea takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde. Mita 7 za ujazo ni kama mapipa 35 yale ya lita 200, kila sekunde. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara mbili ya maji yaliyokuwa yakifika Ihefu wakati wanapima. Watafiti haohao walionyesha kwamba kati ya 1958 na 2004, maji yanayoingia katika kinamasi hicho wakati wa kiangazi yalipungua kwa asilimia 70 hivi, na eneo linalobaki na maji kiangazi likasinyaa kwa takriban asilimia 40.

Asilimia 70, msikilizaji. Yamekwenda wapi?

Mto ulipoanza kukauka, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wapo waliosema ni ukame. Wapo waliosema ni ukataji miti milimani. Na wengi, serikalini na mitaani, walimwonyesha kidole mfugaji. Ng'ombe wamekuwa wengi Usangu, wakasema, wanakanyaga kinamasi, wanamaliza majani, ndio wanaoua mto. Wakati huo nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme, kina cha bwawa la umeme la Mtera kilikuwa kinatangazwa kwenye taarifa ya habari kama hali ya mgonjwa, na watu waliokaa gizani walitaka kujua nani kawaweka gizani.

Kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao. Familia zilisafiri na mifugo mpaka Lindi, Pwani, Morogoro. Ng'ombe wengi walikufa njiani, na watu wengi walifika walikokwenda wakiwa maskini kuliko walivyoondoka. Mwaka 2008 sehemu ya Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, na hifadhi ikapanuka kupita kilomita za mraba 20,000.

Je, mto ulirudi? Haukurudi. Kiangazi kilichofuata ulikauka, na kingine ukakauka. Sisemi kwamba ng'ombe hawana athari kwenye kinamasi. Makundi makubwa yanaharibu, hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa akipewa dawa ya ugonjwa usio wake hatapona, hata kama dawa yenyewe ni kali namna gani.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kupimwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Kitanzania, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa nje, walishinda Usangu wakipima mito, mifereji na majaruba. Walichokikuta ni hiki: maji ya kiangazi yanachepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji kabla hayajafika Ihefu.

Hapa lazima tuseme kwa upole, kwa sababu tunazungumza juu ya mpunga, na mpunga wa Usangu ni chakula chetu. Ukinunua mchele sokoni Dar es Salaam au Dodoma, huenda umetoka wilaya ya Mbarali, kwenye bonde hilo. Kilimo hicho ni cha zamani. Kabla ya Uhuru, walowezi wa Kibaluchi walikwisha kuanza kumwagilia mpunga pale. Miaka ya 1970 likaja shamba la taifa la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Wachina, na baadaye likaja shamba la Kapunga. Wakulima wadogo wakafuata mifereji kama nyuki wanavyofuata maua. Eneo la umwagiliaji lililokuwa takriban hekta 10,000 mwaka 1970 likapita hekta 40,000 miaka 30 baadaye.

Masika eneo hilo lote halina neno. Mito inafurika, maji yanawatosha wote na mengine yanapita. Ugomvi uko kiangazi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na shamba likiwa makapi. Ungetarajia wakati huo mifereji ifungwe. Mingi haifungwi. Maji yanaendelea kuingia, yanazagaa mashambani, yanatuama, yanakauka juani bila kuotesha punje moja.

Kwa nini? Ziko sababu tatu, na katika zote tatu humkuti mtu mbaya.

Ya kwanza, vijiji vingi vimejengwa kando ya mifereji. Mama anachota maji ya kunywa humo, watoto wanaoga humo, ng'ombe wananyweshwa humo. Kumwambia mtu afunge mfereji ni kumwambia afunge bomba lake pekee. Na ili ndoo kadhaa zifike kijijini kilomita nyingi kutoka mtoni, lazima mfereji mzima ujazwe, tena wa udongo, unaonyonya maji njia nzima.

Ya pili ni bei. Mkulima anayewahi kupanda anawahi kuvuna, na mchele wa kwanza sokoni una bei nzuri kuliko wa mwisho. Kwa hiyo anataka kulowanisha majaruba na kuotesha kitalu kabla mvua haijanyesha. Una watoto wa kusomesha, msikilizaji, ungefanya hivyohivyo.

Ya tatu ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Zamani mkulima alitengeneza banio lake kwa miti, mawe, majani na udongo. Banio hilo lilivuja. Kila mafuriko yalilibomoa, naye kila mwaka alilijenga upya, akilalamika. Kisha yakaja maendeleo. Tukamjengea banio la zege lenye lango la chuma. Halivuji, halibomoki. Kiangazi, mto ukiwa umebaki uzi mwembamba, banio hilo linaudaka uzi wote na kuuingiza mferejini. Kumbe yale maji yaliyokuwa yakivuja katika banio la zamani ndiyo yaliyokuwa yakiufikia mto! Mvujo ambao wahandisi waliuona kuwa kasoro ndio uliokuwa riziki ya Ihefu, ya samaki, ya viboko na ya kila aliye chini ya Ng'iriama.

Tena kibali cha kutumia maji, mara nyingi, kinaandikwa kwa kiasi kimoja, lita kadhaa kwa sekunde. Mto ukipungua, kibali hakipungui. Mwenye kibali anachukua haki yake iliyoandikwa, na mto, usio na karatasi mkononi, unapata sufuri.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna mkulima hata mmoja wa Usangu aliyekusudia kuukausha mto. Kila mmoja amechovya kidole chake.

Labda sasa unauliza, maji hayo machache ya kiangazi yana uzito gani mpaka tuyalilie hivi? Swali zuri. Kwa bwawa la Mtera uzito wake ni mdogo. Bwawa kama lile hujazwa na mafuriko ya masika. Mkondo wa Septemba hauwezi kulijaza, na watafiti walilieleza hilo wakati taifa zima likimlaumu mfugaji kwa mgawo wa umeme. Lakini kwa kiumbe anayeishi mtoni, maji ya Septemba ndiyo kila kitu. Samaki hawezi kuweka akiba ya maji ya Machi akayanywa mwezi wa kumi. Kiboko hana bwawa la kuhifadhia. Mwanakijiji anayechota mtoni hawezi kuishi kwa sifa za mafuriko yaliyopita. Mto huhesabiwa uhai wake kwa siku ulipokuwa mwembamba kuliko zote, kama tunavyohesabu uwezo wa nyumba kwa siku ya njaa na si kwa siku ya harusi.

Hapo ndipo kwenye neno langu la leo. Tunapozungumza juu ya kuhifadhi mito na kurejesha uhai wa ardhioevu, fikra zetu hukimbilia mambo makubwa: mabwawa, operesheni, mamilioni ya miche inayopandwa mbele ya kamera. Ruaha Mkuu unatuomba kitu kidogo. Unaomba tuyaachie njia maji machache ya miezi mitano.

Na hilo linawezekana. Nikueleze mchezo mmoja.

Mtafiti wa Kiingereza, Bruce Lankford, aliyefanya kazi miaka mingi Usangu, alibuni ubao mrefu ulioinamishwa, wenye mfano wa mto katikati na vishimo kandokando vilivyo mfano wa mashamba. Juu ya ubao zinamiminwa gololi, hizihizi za watoto. Gololi ndizo maji. Wachezaji ni wakulima wenyewe, wa juu, wa kati na wa chini, kila mmoja na vijiti vya kuwa mabanio yake. Katika bonde la mto Mkoji, hukohuko Usangu, waliucheza. Mara ya kwanza kila mtu anavuta kwake. Wa juu vishimo vyake vinajaa mpaka gololi zinamwagika, wa chini anabaki anatazama ubao mtupu. Kisha wanabadilishana nafasi. Aliyekuwa juu anakwenda chini, na kwa mara ya kwanza anakaa anangoja gololi isiyofika.

Nimeufikiria mchezo huo mara nyingi. Kwenye mto halisi wa juu hamwoni wa chini. Yuko kilomita nyingi, hana sura, hana sauti. Ubao ule unawaketisha pamoja, na mtu akimwona mwenzake amekosa, mazungumzo yanabadilika. Wanaanza kuulizana kiasi gani kinatosha, nani anafungua siku gani, nani analala mfereji wake umefungwa. Yaani wanarudi kwenye jambo ambalo wakulima wetu wa mifereji wamelijua tangu zamani: zamu.

Kwa hiyo tufanye nini? Nitaje machache.

Kwanza, tuchimbe visima vijijini. Kisima kirefu kimoja chenye pampu nzima kinaweza kuufunga mfereji mmoja kiangazi kizima, kwa sababu hakuna tena mama atakayeutegemea kwa ndoo yake. Anayetaka kuufufua Ruaha Mkuu aanzie hapo, ingawa kisima hakifanani kabisa na mradi wa kuokoa tembo.

Pili, vibali vifuate mto. Badala ya lita zilezile masika na kiangazi, igawanywe sehemu. Mto ukishuka, wote washuke nao, na fungu la Ihefu litengwe kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, baada yake mazingira, ndipo mengine yafuate. Lakini ili sheria hiyo itoke kwenye karatasi, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inahitaji watu na vifaa vya kupima kila banio, na jumuiya za watumia maji zinahitaji nguvu ya kusimamia zamu bila kumwogopa mwenye shamba kubwa.

Tatu, tumsaidie mkulima kupata mpunga mwingi kwa maji machache. Kilimo shadidi, cha kupandikiza mche mmoja mmoja ungali mchanga na kuliacha jaruba lipumue kati ya kumwagilia na kumwagilia, kinafahamika nchini. Anayevuna vizuri kwa maji nusu hana sababu ya kulinda maji yasiyomfaa.

Nne, tusiisahau milima. Bustani za mabondeni, zile zinazoitwa vinyungu, zinawalisha watu wa Iringa na Njombe, lakini zikiingia kwenye jicho la chemchemi zinalitoboa. Mikaratusi iliyopandwa penye vyanzo inakunywa pale ambapo miti ya asili ingehifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo. Mita 60 si hatua nyingi kwa mtu mzima. Tuziheshimu.

Na kwa viongozi wetu nina neno moja la heshima. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi mbele ya dunia, jijini London, kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, mchanga ukabaki mchanga. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto huohuo. Sina shaka na nia iliyokuwamo katika ahadi hizo. Ila mto hauwezi kupimwa kwa tarehe ya hotuba. Upimwe Ng'iriama, juu ya mwamba, kila siku ya kiangazi, na namba hiyo isomwe redioni kama tulivyokuwa tukisomewa kina cha Mtera. Taifa lililoweza kufuatilia maji ya umeme wake linaweza kufuatilia maji ya mto wake.

Msikilizaji, nimalizie kule nilikoanzia, lakini safari hii tupande juu, kwenye mojawapo ya mabanio ya Mbarali. Ni jioni ya mwezi wa tisa. Shamba limevunwa, upepo unapeperusha makapi. Kijijini pampu ya kisima inalia, watoto wako kwenye foleni na ndoo zao. Mzee wa zamu anashika usukani wa lango la chuma, anauzungusha polepole. Mfereji unanyamaza. Maji yaliyokuwa yakigeuka kulia yanasita kidogo mbele ya zege, kama mtu aliyesahau njia ya kwao, kisha yanashika mkondo wake wa zamani, yanashuka.

Yatachukua siku nyingi kufika. Yatapita Ihefu, jua litachukua fungu lake, matete yatachukua lao. Yatakayobaki yatapanda juu ya mwamba wa Ng'iriama, membamba kama utepe. Na tembo tuliyemwacha mchangani hatakuwa na haja ya kuchimba.